Una mzee nyumbani? Hivi ndo unavyoweza kumzuia asianguke na akaendelea kujitegemea

Kuna kitu nyumba nyingi tunakifanya kwa mapenzi kabisa na kinawaumiza wazee wetu. Mzee akianguka mara ya kwanza tunasema "uzee huo", tunamchua, tunampa panado, afu kuanzia siku hiyo kila kitu anakatazwa, bibi acha kufagia, babu usiende shamba, kaa hapo barazani utaletewa chai. Ile miguu iliyokuwa inambeba inakaa bure miezi kadhaa, nguvu inaisha, na siku akiamka usiku peke yake kwenda kukojoa anaanguka tena, safari hii anavunjika nyonga.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mapema kabisa, kumkalisha mzee ni kumwandalia kuanguka. Mzee atembee, afagie, aende msikitini au kanisani kwa miguu yake, sisi tuondoe vinavyomwangusha na tumsaidie arudishe nguvu. Na wala hili sio jambo dogo, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, wanaokufa zaidi ni wale waliovuka miaka 60, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo vinatokea nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku huku kwetu, ambako mtu akivunjika nyonga kijijini Kilosa au Handeni inaweza kupita siku kadhaa hajaonana na daktari wa mifupa.

Halafu jueni kwamba ni nadra mzee kuanguka kwa sababu moja. Miguu imeisha nguvu kidogo, jicho moja lina ukungu, dawa ya presha inamlegeza akisimama, umeme umekatika, na ndala imekatika kamba, vyote vinakutana saa tisa usiku. Ukiondoa viwili vitatu katika hivyo anaweza kupita salama hata kama vingine vimebaki. Hiyo ndo habari njema, huhitaji kumaliza vyote kwa mpigo.

Mpime kwanza, ni dakika chache tu

Chukua kiti cha kawaida kilicho imara, kiegemeze ukutani kisirudi nyuma, afu weka alama mita 3 mbele yake, ni kama hatua nne za mtu mzima. Mwambie "mama, naomba uinuke utembee mwendo wako wa kila siku mpaka pale, ugeuke, urudi ukae", na wewe washa saa ya simu. Akitumia sekunde 12 au zaidi jua yuko kwenye hatari. Ila macho yako yasiwe kwenye simu tu, angalia anavyoinuka, amesukuma mapaja kwa mikono? amejaribu mara mbili ndo akasimama? akigeuka anatafuta ukuta? akirudi anakaa taratibu au anajibwaga kitini? Anayejibwaga mapaja yake hayana nguvu ya kumshusha, na huyo huyo ndo atakayeshindwa kujizuia akijikwaa.

Kipimo kingine, asimame karibu na ukuta na wewe uwe ubavuni kwake tayari kumdaka, aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino cha huu kiguse vidole vya ule. Akishindwa kukaa hivyo sekunde 10 bila kuyumba, sehemu ya mazoezi hapo chini inamhusu sana.

Afu muulize, na namna ya kuuliza ina maana. Ukimwambia "umeanguka?" atasema hapana. Wazee wanaficha, sababu anajua ukisikia tu utamwambia ahame shamba aje kukaa kwako mjini kwenye chumba kimoja, au mbuzi wake wauzwe. Muulize "mama, mwaka huu ulishawahi kuteleza au kujikwaa ukashika ukuta?" na "kuna sehemu ya nyumba unaiogopa kupita?" Majibu ya hilo swali la pili yatakuonyesha pa kuanzia kuliko kitu kingine chochote.

Njia ya kutoka kitandani mpaka chooni

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye mambo. Fanya hivi, usiku taa zikiwa zimezimwa nenda chumbani kwa mzee, lala kwenye kitanda chake kabisa, shusha chandarua, afu amka uende chooni bila simu mkononi. Utajifunza kuliko kusoma popote.

Cha kwanza utakutana na chandarua chenyewe. Kimechomekwa chini ya godoro, mzee anakipapasa gizani, mguu mmoja unashuka ukiwa bado umezungukwa na neti, anakanyaga pindo lake na mwili ushaanza kwenda mbele, na huko mbele hakuna cha kushika. Mama yangu mkubwa alikuwa na zile neti za duara ndefu zinazoburuza, tulichofanya tukamwekea ya pembe nne inayofika sawa na godoro na kuzidi kidogo tu ya kuchomeka, upande wa kushukia tukashonea kitambaa kinene cheupe ili akipapasa ajue hapa ndo pa kufungulia. Anakichomoa chote akiwa amekaa, anakitupia nyuma yake, ndo anashusha miguu. Malaria bado anajikinga na miguu haikwami.

Cha pili ni urefu wa kitanda. Akikaa ukingoni nyayo zote zifike chini na magoti yakae usawa wa nyonga au chini yake kidogo. Kitanda kifupi kinamfanya apambane kuinuka, kirefu kinamfanya aruke kushuka. Wengine wanapandisha kitanda kwa matofali, jamani msifanye hivyo, tofali likicheza kitanda kinamwaga mtu, mwiteni fundi seremala aongeze au apunguze miguu, ni kazi ndogo. Na godoro lililobonyea katikati libadilishwe, mzee anazama humo na kutoka ni vita.

Cha tatu taa. Umeme unakatika, luku inaisha, na swichi iko mlangoni wakati kitanda kiko dirishani. Mnunulie tochi ndogo au taa ya sola, ifungwe kwa kamba kwenye nguzo ya kitanda pale pale mkono unapofika, isiwekwe juu ya meza maana itaangushwa. Zile balbu za chaji zinazobaki zinawaka umeme ukikatika ni nzuri sana kwa korido. Kibatari na mshumaa kwa mzee anayeyumba hapana, mnabadilisha kuanguka kwa kuungua.

Baada ya hapo angalia sakafu. Mkeka uliokunja pembe, kapeti kipande kinachoteleza juu ya marumaru, waya wa televisheni unaokatiza, ndoo za maji zilizopangwa korido, viatu vya wajukuu mlangoni, stuli ndogo ambayo kila mtu anaiacha popote. Kapeti ndogo ondoa kabisa usihangaike kuibana. Kizingiti kama huwezi kukivunja kipakwe rangi nyeupe, na ngazi pia, ukingo wa kila ngazi upigwe mstari mweupe au wa njano, macho ya mzee hayatofautishi saruji ya kijivu na saruji ya kijivu kwenye mwanga hafifu.

Kama choo kiko uani, na kwetu wengi kiko uani, basi njia iwe imesawazishwa, kamba za kuanikia zipandishwe, mbuzi asifungwe njiani, na ikiwezekana fundi asimamishe nguzo mbili tatu na bomba la chuma au mlingoti imara wa kushikilia mpaka mlangoni. Kwa usiku mimi nashauri mzee asitoke kabisa. Mwekee ndoo yenye mfuniko chumbani, lakini sio ndoo peke yake, ndoo tupu akiikalia inapinduka naye, tafuta kiti imara cha mbao chenye mikono, fundi akitoboe tundu katikati, ndoo ikae chini yake. Wazee wengine wanaona aibu, mwachie yeye aamue kikae kona gani na nani atakuwa anamwaga asubuhi, ukimheshimu kwenye hilo atakitumia.

Chooni na bafuni kunahitaji kitu cha kushika kilichofungwa kweli kweli. Bomba la maji sio kishikio, wala kile cha kutundikia taulo, vyote vinang'oka. Mwite fundi wa kuchomelea atengeneze kipande cha bomba, kiingizwe ukutani kwa saruji, na kama ukuta ni wa udongo au mabati basi zichimbiwe nguzo mbili chini. Urefu usikisie, mkalishe mzee pale pale, anyooshe mkono mahali anapoona ni rahisi kujiinua, fundi apige alama hapo. Choo cha kuchuchumaa kwa mzee mwenye magoti mabovu kiwekewe kile kiti chenye tundu kwa juu, ila mwenye magoti mazima anayechuchumaa na kuinuka vizuri mwachie, yale ni mazoezi yake. Kuoga akae kwenye kiti cha plastiki chenye mikono na miguu isiyopanuka, maji yawe kwenye ndoo iliyoinuliwa juu ya kigoda asiiname na kopo chini, sabuni iwekwe kwenye soksi au wavu itundikwe isidondoke. Marumaru za kung'aa bafuni ni hatari kubwa, kama ndo mnajenga sasa hivi waambieni mafundi waweke zile zenye kukwaruza, na kama zishawekwa nunueni mpira wa kukanyagia wenye vinyonyo kwa chini.

Na komeo la ndani libadilishwe, liwe la kufungulika kutoka nje, maana mzee akianguka ndani mlango umefungwa mtaanza kutafuta shoka.

Miguu ndo yenye kazi kubwa

Hata ukitengeneza nyumba yote, mzee mwenye miguu dhaifu ataanguka kwa jirani. Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi mkubwa wa kitaalamu uliokusanya tafiti 108 zenye washiriki zaidi ya elfu 23 kutoka nchi 25, ukaonyesha mazoezi yanapunguza kuanguka kwa karibu robo, na yanayofanya kazi zaidi ni yale ya kujizoeza kusimama bila kuyumba pamoja na yale ya kufanana na shughuli za kila siku. Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand walitengeneza mpango wao wa wazee kufanyia nyumbani, mazoezi mara 3 kwa wiki na kutembea, hakuna mashine wala jimu. Vitu hivyo vinawezekana hata Mpwapwa.

La msingi kabisa ni kuinuka na kukaa. Kiti kiegemee ukuta, mzee asogee mbele kwenye ukingo, arudishe nyayo nyuma kidogo zikae chini ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndo asimame. Wengi wanashindwa kuinuka sababu wanajaribu kunyanyuka wima, ukimfundisha tu kuinama mbele kwanza unaona anasimama mwenyewe na anashangaa. Kushuka ndo kwenye dawa, ashuke polepole akihesabu moja mpaka nne, asijibwage. Aanze mara 5, apumzike, mara 5 tena, akizoea zifike 10 mara mbili. Wiki za kwanza atumie mikono, baadaye mkono mmoja, mwisho mikono kifuani.

Akishika meza nzito au kizingiti cha dirisha, ainuke kwa vidole na kushuka mara 10, afu ainue vidole abaki kwenye visigino mara 10. Atembee ubavu ubavu pembeni ya ukuta kwenda na kurudi. Ajizoeze kusimama ule mguu mbele ya mguu, kwanza akiwa ameshika, baadaye vidole viwili tu vimegusa ukuta. Asimame mguu mmoja wakati anasubiri chai ichemke. Zoezi la kutoyumba lazima liwe gumu kidogo ndo lina faida, kwa hiyo awe na kitu cha kudaka karibu na mtu karibu, lakini usimshike muda wote, ukimshika wewe ndo unafanya zoezi.

Siku 3 kwa wiki, na msiache. Watu wanafanya mwezi mmoja wanaona mzee yuko vizuri wanaacha, nguvu zinaondoka kama hazikuwahi kuja. Mkitaka idumu ifungeni na kitu anachokifanya tayari, kabla ya chai ya asubuhi, au baada ya swala. Na hapo niseme, mzee ambaye bado anaweza kurukuu, kusujudu na kuinuka kutoka kwenye mswala, usimharakishie kiti, kule kuinuka kutoka chini mara kadhaa kwa siku ni utajiri. Akianza kusikia kizunguzungu akiinuka au magoti yamegoma, hapo akae kwenye kiti na dini imeruhusu.

Kazi za nyumbani hivyo hivyo. Apalilie tuta lake la mchicha, achambue dagaa akiwa amesimama, aende dukani kwa Mpemba kununua sukari robo. Za kumkataza ni chache, kupanda mwembe, kupanda paa kuziba bati, na kupanda juu ya stuli kutoa sufuria kabatini, hiyo sufuria ishusheni iwe usawa wa kifua chake.

Chakula kwa kifupi, chai na mkate asubuhi, chai na kiazi jioni haitengenezi misuli. Ale yai, maharage, dagaa na vichwa vyake, maziwa au mtindi, karanga za kusaga kama meno hayapo. Na atoke nje jua la asubuhi limpate mikononi na miguuni.

Dawa, presha na maji

Kama mzee anasema "nikisimama dunia inazunguka", usimpe tangawizi ukaishia hapo. Mpime presha akiwa amelala dakika 5, afu asimame, mpime tena baada ya dakika 1 na baada ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake inaporomoka akisimama na daktari anatakiwa kujua. Duka la dawa na kliniki nyingi wanampima akiwa amekaa tu, wanaona 140 wanasema safi, kumbe akisimama ni 110. Waombeni wampime kwa kusimama.

Dawa za kuangalia ni zile za presha hasa zikiwa nyingi, za kukojoza kama lasix, za usingizi kama diazepam, amitriptyline ambayo wengi wanapewa kwa ajili ya ganzi na maumivu, za kifafa, na hata piriton ya mafua inayolewesha. Za sukari kama glibenclamide akimeza bila kula chakula, sukari ya mwilini inashuka, anatoka jasho, anatetemeka, anadondoka, na mwezi wa Ramadhani hili linatokea sana, mwenye sukari azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Wekeni dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba na zile alizopewa na jirani, mpelekeeni daktari na mumuulize moja moja hii bado anaihitaji? Msimwachishe wenyewe kienyeji, presha ikipanda ikampiga kiharusi mtakuwa mmeleta kubwa zaidi.

Nyumbani mfundishe kuinuka kwa vituo. Akiamka akae kwanza ukingoni, apige nyayo chini kama anatembea akiwa amekaa, ahesabu taratibu mpaka 30, ndo asimame, na asimame akiwa ameshika kitanda mpaka kichwa kitulie ndo aanze kutembea. Kukojoa hata kama kumembana asikimbie.

Afu maji. Wazee wanakata maji ya kunywa makusudi ili wasiamke usiku, siku nzima kikombe kimoja cha chai, mwili unakauka na kizunguzungu kinazidi. Anywe asubuhi na mchana kwa wingi, apunguze kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mwenye moyo uliochoka au figo afuate kiwango alichopewa hospitali.

Mzee ambaye alikuwa haanguki na ghafla wiki hii ameanguka mara mbili, huyo anaumwa mpaka ithibitike vinginevyo. Malaria, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), nimonia, kwa wazee vinaweza kuja bila homa kubwa, mnachokiona ni kuyumba na kuchanganyikiwa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee wa miaka 60 na kuendelea, ulizieni mkifika mapokezi.

Macho, miguu na fimbo

Mtoto wa jicho anatolewa, ni upasuaji mfupi na mara nyingi mzee anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, Dar iko hospitali ya CCBRT na hospitali za rufaa mikoani nyingi zina kliniki ya macho. Usikubali maneno ya "mwache, macho ya uzee". Miwani ya kusomea asitembee nayo kwenye ngazi, inamdanganya umbali.

Ndala ndo adui. Ndala iliyolika kisigino na kamba imeregea inabaki nyuma wakati mguu ushaenda. Mnunulie kiatu chenye kamba au mkanda nyuma ya kisigino, soli nyembamba kiasi lakini yenye meno. Soksi tupu juu ya marumaru hapana. Mwenye sukari mkagueni nyayo kila jioni, ganzi inamfanya asijue amekanyaga nini. Kucha zikatwe, kanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu, dera refu lipandishwe upindo, na kikoi kifungwe kisiburuze.

Fimbo wengi wanaitumia vibaya. Inashikwa mkono wa upande MZIMA, yaani goti la kulia likiuma fimbo iko kushoto, na inakwenda mbele pamoja na mguu mbovu. Urefu wake, asimame wima na viatu vyake, mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Ile fimbo ya urithi kutoka kwa marehemu babu ambayo inamfika kifuani ikateni kipande au aitundike ukutani. Chini iwe na raba, na raba ikilika inabadilishwa, kipande cha tairi kilichokazwa vizuri kinafaa. Ngazi, kupanda anatangulia mguu mzima, kushuka inatangulia fimbo na mguu mbovu.

Akiwa nje, mvua za masika njia ya udongo inakuwa sabuni, apite pembeni penye majani au asubiri pakauke. Pale pa kutawadhia msikitini sakafu imelowa muda wote, atawadhe nyumbani aende na udhu wake. Kwenye daladala asisimame kabla gari haijasimama, ukiwa naye mwambie konda mapema "konda, mzee anashuka kituo kijacho, gari isimame kabisa", na abiria wanajua kutetea wazee ukianza wewe kusema.

Akianguka

Usimvute kwapa kumwinua haraka haraka. Hapo ndo watu wanaongeza mvunjiko au wanachomoa bega. Mwache alale kidogo, muulize anaumwa wapi, amegonga kichwa, anaweza kusogeza miguu yote.

Angalia mguu. Kama mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzie na unyayo umegeukia nje, na hawezi kuunyanyua, chukulia nyonga imevunjika. Asichuliwe, asikandwe na maji ya moto, asivutwe na mtu wa mifupa wa mtaani. Weka mto katikati ya mapaja, funga miguu yote miwili pamoja kwa kanga taratibu, mbebeni juu ya mlango au godoro, mumwahishe hospitali yenye madaktari wa mifupa, kama taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza au ya rufaa iliyo karibu. Nyonga mara nyingi inahitaji upasuaji na ukiwahi ndani ya siku moja au mbili matokeo yanakuwa bora, mzee akilazwa chali wiki nyingi anapata vidonda vya mgongo na nimonia.

Kama hajaumia, mwelekeze ainuke mwenyewe. Ageukie ubavu, ajiinue kwa kiwiko, aende kwa mikono na magoti mpaka kwenye kiti au kigoda mlichomsogezea, aweke mikono juu ya kiti, apandishe mguu wenye nguvu mbele unyayo ukanyage, asukume, na mtu mwingine aweke kiti cha pili nyuma yake akae. Mfundisheni hili siku akiwa mzima, juu ya mkeka, sababu wazee wengi wanakaa sakafuni masaa sio kwa kuvunjika bali kwa kutojua waanzie wapi. Kulala sakafuni zaidi ya saa moja kunaweza kuharibu misuli na figo. Anayekaa peke yake awe na simu ya kitochi imetundikwa shingoni kwa kamba, namba yako na ya jirani ziwe za kubonyeza kitufe kimoja, na filimbi pembeni ya kitanda kwa siku chaji imeisha.

Akigonga kichwa mwangalieni wiki kadhaa hata kama hakuna nundu. Damu inaweza kuvuja polepole ndani, kichwa kinaanza kuuma baadaye, anasinzia ovyo, anasahau, mguu mmoja unaburuza, anatapika. Hapo ni hospitali mara moja, na anayetumia aspirini ya kila siku au wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aende siku ile ile aliyogonga hata kama anajiona mzima.

Siku mnatoka hospitali msiondoke na karatasi ya dawa tu. Muulizeni daktari mbele ya mzee: aanze kukanyaga huo mguu lini, aukanyage wote au nusu uzito, mtaalamu wa mazoezi tiba atamwona lini, na je apewe dawa ya kuimarisha mifupa, maana mzee akivunjika kwa kuanguka tu kutoka alipokuwa amesimama mifupa yake yenyewe imeshakuwa dhaifu. Andikeni majibu, bandikeni ukutani pale anapolala, ili shangazi akija Jumamosi akamwambia "wewe lala tu usinyanyuke" mzee awe na la kumwonyesha.